Vitabu vya Foleni ya Maziwa

Giakanja, Tetu
5 Agosti 2025

Mama,

Nakuandikia kwa sababu simu haitusaidii. Nikipiga unaniambia, "Sisikii, ongea juu," naongea juu mpaka majirani wanajua mambo yetu yote, na wewe bado hujasikia. Kile kifaa cha masikio mwanao Munene alikununulia ulisema kinapiga filimbi, ukakifungia kabatini. Na ujumbe wa simu ulikataa, ati macho yako hayakuumbwa kuchungulia herufi za ukubwa wa chawa. Sawa. Kalamu basi.

Nianze na lile gumu, ndio tukilimaliza tuongee vizuri. Munene ameniambia kwamba siku tulipomzika baba alikuahidi mwanetu Ngatia. Ati Januari mtoto aje Kianyaga akae na wewe, aanze shule ya chekechea huko, kwa vile amebeba jina la babu yake, guka, na nyumba imebaki bila mwanaume. Mama, Munene aliahidi peke yake. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema kile ninachosema sasa: hapana. Ngatia ana miaka minne. Atakuja kukuona, atakuja likizo na mimi, lakini atalala pale ninapolala.

Najua umekasirika. Nilikuona tukiondoka, ulivyosimama mlangoni na hukupunga mkono. Tangu siku hiyo nafikiria hiyo nyumba na kimya chake. Kwa hivyo nimefanya hivi. Asubuhi tukipeleka maziwa kituoni tunangoja gari la ushirika, na likichelewa tunakaa pale tukisengenya watu. Juzi nikawauliza: mtu amefiwa, redio hasikii, kwenye televisheni anaona midomo ikicheza tu, mngempa kitabu gani?

Nilidhani watanicheka. Karibu wapigane! Mwai, yule anayepima maziwa, akasema hakuna kitu kinamtuliza mtu kama kitabu chake cha kufuga nyuki. Njoki wa saluni akamrukia: "Nyamaza na nyuki zako! Mjane apewe mapenzi!" Mwalimu Beth, ambaye amestaafu, akasema apewe hadithi ndefu, ndefu kabisa, ndio akiamka asubuhi awe na mahali pa kurudi.

Nimekutumia vyote vitatu kwa parseli, ndani ya kiondo ulichotupatia kikiwa na viazi siku ile. Ni vya wenyewe, wanataka virudi.

Shiku ana miezi mitano na analia ni kama amepewa kibarua. Barua hii nimeiandika kwa vipande, nikimnyonyesha.

Ni mimi,
Nyawira


Kianyaga
14 Agosti 2025

Mama Ngatia,

Niliomba mtu, nimeletewa karatasi.

Nimesoma cha nyuki kwanza kwa sababu ndicho kilikuwa juu. Mwenye kukiandika anajua nyuki, watu hajui. Anasema malkia akizeeka nyuki wenyewe wanamtoa na kuweka mwingine. Hicho ndicho kitabu cha kumpa mtu wa umri wangu? Mwambie Mwai nimeuliza. Picha lakini ni nzuri.

Cha Njoki nacho, daktari anampenda muuguzi, muuguzi anampenda daktari, na kurasa mia mbili hakuna aliyefungua mdomo. Wangekuwa watu wa hapa, shangazi zao wangeimaliza kazi hiyo kwa kikao kimoja. Halafu daktari kila siku amevaa shati jeupe na hatuambiwi nani anafua. Nilikimaliza usiku huohuo.

Kile kirefu sianzi. Kwa umri wangu mtu haanzi kitu kirefu. Lakini nimebaki nacho kidogo.

Kitabu cha mtu hakirudi kikiwa peke yake, kwa hivyo kila mmoja nimemfungia kitu. Nduma ni za Mwai, ndizi ni za Njoki, mayai ni ya Beth, yako ndani ya mkebe wenye majani makavu, usiyakalie. Njahi, hayo maharagwe meusi, ni zako. Unanyonyesha na umekonda, nilikuona kwenye mazishi.

Sasa tuje kwa mzee wangu. Huyo mtoto ana jina la mume wangu. Kwa hesabu ya kwetu wewe ndiye uliyemzaa bwana yangu, na mimi ni mke wa mwanao. Sasa wewe ni mama mkwe wa namna gani, wa kumnyima mke bwana yake? Munene aliahidi, na udongo ulikuwa bado haujakauka. Mimi nilimwamini. Nimeshamtolea kitanda kidogo nikakipanga karibu na changu.

Phyllis


Giakanja
25 Agosti 2025

Mama,

Barua yako niliisoma kituoni kwa sauti. Si yote. Mambo ya Ngatia niliyaruka. Nilipofika kwa shati la daktari, mama mmoja alicheka mpaka mtungi ukamponyoka, tukamchangia maziwa. Njoki alikasirika, akasema wewe huna moyo, halafu akafungua ndizi zake na kufika ya tatu alikuwa amekusamehe. Mwai anasema ulifunga kitabu mapema. Ati huyo malkia mzee, kuna wakati wanamwacha aishi pamoja na yule mpya, kila mmoja na kona yake.

Lakini Mama, hizo nduma zimeniletea taabu. Sasa kila mtu ana kitabu cha kupendekeza! Watu ambao sijawahi kuwaona hata na gazeti. Nderitu, jirani yetu wa ng'ombe watatu, amekuja na kijitabu cha kufundishia udereva. Nikamwambia, "Nderitu, mama mkwe wangu ana miaka sabini na mmoja, ataendesha nini?" Akaniambia, "Kitabu ni kitabu, Mama Ngatia. Na mimi pia meno ninayo." Nimekitia. Kuna pia cha maisha ya mtawa mmoja, kingine cha ramani za dunia, na kimoja cha magonjwa ya kuku ambacho mwenyewe anaapa kinasomeka kama hadithi ya upelelezi.

Njahi nimekula. Asante. Nilikula nikiwa nimesimama, lakini nilikula.

Kuhusu kitanda kidogo, nakuomba ukirudishe ulikokitoa. Sikuambii hivi kwa ubaya. Nakuambia mara ya pili ili usije ukasema nilinyamaza.

Kiondo hicho nakirudisha na vitabu tu. Nilitaka kukuwekea kitu, Shiku akaamka.

Nyawira


Kianyaga
3 Septemba 2025

Mama Ngatia,

Kuku wangu hawana ugonjwa wowote kati ya yale yaliyoandikwa, na nimewaangalia mmoja mmoja mpaka wananikimbia. Ni kitabu kizuri, kinatia hofu.

Mtawa ananisikitisha. Alikuwa na mengi ya kusema na aliwekwa mahali ambapo hawasemi. Ramani nimezifungua mezani na nimetafuta Kianyaga. Hatupo.

Cha Nderitu nimekisoma mara mbili. Sasa nikienda kanisani naona makosa barabarani kila mahali. Jumapili nilimsimamisha mtu wa pikipiki nikamwonyesha kibao alichokipita. Alisema kitu. Bahati yake sisikii.

Vitu vya watu vimo kwenye kiondo, kila kimoja na kitabu chake. Cha mtawa nimekifungia asali.

Kiondo changu kilirudi bila hata kitunguu. Sisemi kitu.

Kitanda kiko palepale.

Phyllis

Kile kirefu nimefika ukurasa wa sitini. Usimwambie Beth.


Nyeri, hospitalini
11 Septemba 2025

Mama,

Shiku amelazwa. Ni nimonia. Wamemwekea oksijeni na mimi nakaa naye hapa, kwenye kiti. Munene amepewa ruhusa kazini Nanyuki na anakuletea Ngatia kesho, pamoja na barua hii. Nguo zake ziko kwenye kiondo, na kitabu cha tembo ambacho Mwalimu Beth amempa. Anapenda kusomewa akishalala. Haogopi giza, anaogopa bata.

Ni mpaka Shiku atoke. Hii si ile ahadi, wala si Januari. Namleta kwako kwa sababu kwako sina wasiwasi.

Niombee.

Nyawira


Kianyaga
19 Septemba 2025

Mama Ngatia,

Tunamwombea Shiku asubuhi na jioni, mimi na Ngatia, na kanisani jina lake linatajwa. Munene ametuma ujumbe kwa simu ya jirani yangu Sophie kwamba sasa anapumua bila mashine. Mungu ni mwema. Wewe kula. Kiti si kitanda, lakini ukipata mtu wa kushika mtoto, lala hata kwenye kiti.

Mzee wangu ni mzima. Anakula, ananenepa. Anafuata kuku, anakaa miguuni pangu nikichambua maharagwe. Jioni namsomea kitabu cha tembo, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe siisikii, na yeye anatazama mdomo wangu mpaka usingizi unamchukua. Bata wa Sophie nimeomba wafungiwe.

Unajua nililalamika kwamba kiondo changu kimerudi bila kitu. Kumbe ulikuwa unatafuta cha kukitia. Safari hii kimekuja na kijana ameshika mkono wake. Nimepokea, na nimeshukuru. Juzi nilipita kwa mwalimu wa chekechea nikamwonyesha Ngatia. Anasema nafasi ya Januari ipo.

Phyllis


Giakanja
25 Septemba 2025

Mama,

Shiku ametoka juzi. Analala kifuani pangu ninapoandika, na kila akikohoa kalamu inasimama.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyotaka. Sasa nisikilize, hata kama ni kwa macho. Mtoto si kitu cha kutia kwenye kiondo. Ulinipa njahi nikala, na kweli sikurudisha kitu, na kwa hilo nina aibu. Nitarudisha unga, nitarudisha sukari, nitakufumia sweta. Ngatia hapana.

Nikuambie lile ambalo sijamwambia hata Munene. Niliposoma kwamba nafasi ipo, kuna sehemu yangu ilisema, muache huko. Muache upumzike. Ulale hata wiki moja ukiwa na mtoto mmoja tu. Nimechoka namna hiyo, Mama. Asubuhi naweka chumvi kwenye chai. Na ndiyo sababu nakataa kwa nguvu hivi. Nikimwacha kwako kwa sababu nimechoka, siku moja ataijua sababu, hata kama hakuna atakayemwambia.

Munene anakuja Jumamosi kumchukua. Tafadhali mfungashie nguo.

Foleni inakusalimia. Wanauliza kwa nini hujasema lolote kuhusu vitabu safari hii. Nimewaambia una mgeni.

Nyawira


Kianyaga
30 Septemba 2025

Mama Ngatia,

Barua hii inakuja na Ngatia mwenyewe. Sophie ndiye anamleta, kwa sababu mimi nikija sitaweza kugeuka.

Munene alikuja Jumamosi kama ulivyosema, na nilimrudisha mikono mitupu. Nilimwambia mtoto ana kikohozi, kifua kimejaa, na baada ya yale ya dada yake hakuna mtu atamtoa nje kwenye baridi. Munene ni mwanangu, aliniamini. Utakuwa ulikesha ukimfikiria mtoto, na hakuwa na kikohozi chochote. Hilo linaniuma zaidi ya mengine.

Sasa nikuambie kilichotokea jana. Sophie alikuja kuomba chumvi. Alimwinamia Ngatia akamsalimia, nikaona midomo yake: alimwuliza anaitwa nani. Ngatia akainua mkono akaonyesha picha ya guka yake ukutani. Sophie akacheka, akamwuliza tena. Akaonyesha tena. Sophie akaacha kucheka. Alichukua gazeti akaniandikia pembeni: "Mbona mtoto haongei?"

Nilitaka kumwambia anaongea sana. Halafu nikajiuliza nimejulia wapi. Alipofika hapa mdomo wake ulikuwa hautulii, namwona kama ndege. Sikusikia, lakini niliona. Kisha siku zikaenda. Akitaka maji anaonyesha koo. Akitaka choo anashika kaptura. Akifurahi ananipiga gotini. Nami nilikuwa nafurahi! Niliona mzee wangu na mimi tumeelewana. Hata nilijisifu kwa Sophie kwamba sisi hatuhitaji maneno.

Jana jioni nilimsomea kitabu cha tembo na nikamtazama yeye badala ya ukurasa. Pale tembo anapopotea, mdomo wake ulifunguka. Alikuwa na swali, niliona limefika hapo. Akaniangalia masikio, akaufunga mdomo, akaweka kidole kwenye picha.

Ana miaka minne na ameshajua kwamba hapa swali halina pa kwenda. Mimi ndiye nilimfundisha hivyo, nikimpenda.

Kwa hivyo mchukue. Mwalimu wa chekechea nimemwambia ampe mtoto mwingine ile nafasi. Kitanda Sophie anakihitaji kwa wajukuu wake.

Usinijibu haraka.

Phyllis


Giakanja
8 Oktoba 2025

Mama,

Nimengoja kama ulivyosema, lakini zaidi ya hapa siwezi.

Alifika salama. Nilimkumbatia mpaka akanisukuma. Siku ya kwanza ilikuwa kama ulivyoandika, anaonyesha kwa kidole, na nilienda nyuma ya zizi nikalia kidogo, siwezi kukuficha. Kikohozi pia kiliniudhi, wala hilo sitakuficha. Nilikesha kweli. Lakini siku ya pili asubuhi nilimpeleka kwenye foleni ya maziwa. Njoki akamwambia, "Kumbe huyu ndiye bwana wa yule mama asiye na moyo!" Ngatia akamtazama, akamtetea nyanya yake kwa sauti, wote wakasikia: "Cucu yangu ako na moyo. Ako na kuku kumi na mmoja pia." Tangu hapo hajanyamaza. Ananyamaza tu akila. Nderitu amempa cheo cha mtangazaji wa foleni.

Januari anaanza shule hapa Giakanja. Hilo limekwisha na sitaki turudi hapo tena. Lakini Desemba tunakuja sote, mimi, Shiku, Ngatia, na Munene akipata likizo, na hatuji kula na kuondoka. Tunakaa mpaka uchoke nasi. Utamsomea. Mimi nitakaa kando yenu na daftari, na kila atakachouliza nitaandika hapohapo, ukijibu nami nisikie. Usiniambie ni kazi nyingi. Kazi nyingi ninazijua.

Nimeanza leo. Nimemwambia, uliza cucu chochote, naandika. Haya ni maneno yake, sijabadilisha:

Cucu, tembo alimpata mama yake ama bado? Ukurasa ule umeraruka.

Yule kuku mweupe ametaga?

Kwa nini ulikuwa unalia na kitunguu hakikuwa?

Wewe ukisoma, unasikia kitabu?

Guka wa picha alikuwa anaongea sana kama mimi?

Hilo la mwisho ameuliza mara tatu, mjibu wewe. Baba nilimjua kidogo.

Kwenye parseli kuna unga, sukari na kabichi mbili. Sweta bado liko mkono mmoja.

Wako,
Nyawira


Kianyaga
16 Oktoba 2025

Mama Ngatia mpendwa,

Kabichi nimekula moja na Sophie. Njooni Desemba. Nimeweka magodoro juani tangu sasa, ati ni mapema, wacha iwe mapema.

Kile kitabu kirefu nimekimaliza, na Beth anisamehe, simrudishii bado. Nakipendekezea wewe. Usitishike na unene wake. Kimeandikwa kwa vipande vifupi, kipande kimoja kinaisha mtoto akiwa bado ananyonya titi la kwanza, nimepima kwa kufikiria. Kuna mwanamke ndani yake anayechoka kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakuna anayemwambia kwamba amefanya vizuri. Nilikuwa nikimsoma nikimwambia mimi. Basi na wewe nakuambia. Umefanya vizuri.

Nderitu mpe hizi nduma. Hajanitumia kitabu kingine, lakini amempa mjukuu wangu kazi.

Sasa msomee Ngatia, polepole.

Tembo alimpata mama yake. Ukurasa ule niliusoma kabla haujararuka.

Kuku mweupe ametaga, amelalia, usimguse mkija.

Nililia kwa sababu nilikuwa nakupenda na nilikuwa nimekosea. Watu wazima huwa hivyo.

Ndiyo, nikisoma nasikia. Kila mtu kitabuni ana sauti yake. Wewe pia nilipokusoma kwenye barua nilikusikia.

Na guka yako, hapana. Alikuwa mtu wa kimya, hata zamani masikio yangu yalipokuwa mazima. Miaka mingi nilikaa mezani nikingoja aseme kitu, na alikuwa mtu mwema, na hakusema. Jina lake chukua, ni lako. Kimya chake tulikizika naye.

Ongea, mzee wangu. Mama yako anaandika.

Cucu Phyllis